Lagare ya Dakar imefufuka, lakini tuangalie vizuri kabla ya kuitamani

Ndugu yangu anasoma Dakar, wiki iliyopita alinitumia picha za lagare ya kule, ile stesheni ya zamani ya Wafaransa iliyomalizika kujengwa 1914, na kweli nilizikazia macho kitambo kirefu. Jengo la kale limesafishwa, limepakwa rangi vizuri, na nyuma yake kuko treni mpya imepaki, milango wazi, watu wanaingia bila kusukumana. Nikazituma kwenye grupu ya WhatsApp ya kartiye yetu hapa Lubumbashi, na pale pale vita ikaanza. Mmoja akasema njo hivi tunataka, wafunge lagare yetu hata miaka mitatu waitengeneze yote. Mwingine akamjibu mkiifunga hamtaiona tena ikifunguliwa. Mpaka usiku watu wanatukanana. Mimi naona kila upande kuko kitu cha kweli umeshika, na kwenye grupu huwezi kukisema chote, njo maana naandika hapa.

Tuanze na Dakar yenyewe maana picha haisemi yote. Ile lagare ilikuwa kichwa cha reli ya Dakar–Niger, kilomita 1,287 mpaka Koulikoro kule Mali. Ni reli ile ile ambayo wafanyakazi wake waligoma kuanzia Oktoba 1947 mpaka Machi 1948, karibu watu 20,000, wakiongozwa na Ibrahima Sarr, wakidai wapate haki sawa na za wafanyakazi wazungu. Kwa hiyo si jengo tu, ni mahali watu walikaa na njaa miezi mitano juu ya haki yao. Baadaye reli ikachoka kama zetu zilivyochoka, na treni ya abiria ya kwenda Bamako ikasimama. Mwaka 2019 rais Macky Sall akazindua reli mpya ya mkoa wa Dakar, wanaiita TER, na tarehe 27 Desemba 2021 abiria wakaanza kupanda, kilomita 36 mpaka Diamniadio, tike ya bei ya chini wakati ule ilikuwa faranga 500 za CFA. Jengo la 1914 njo mlango wake.

Hapo lazima nikubali, wamefanya kitu. Kuko miji mingi imeshindwa. Antananarivo lagare yao ya Soarano, ya 1910, waliitengeneza ikapendeza sana, ila ikafunguliwa 2009 kuwa maduka na restora, na treni ya abiria kwa miaka mingi haikuwako. Addis Ababa reli ya zamani ilifika 1917, ile mpya ya kwenda Djibouti ilipofunguliwa 2016 stesheni yake wakaiweka pembeni kabisa ya mji, ile ya katikati ikabaki na historia yake tu. Dakar wao wamerudisha jengo pamoja na treni, na mtu wa kawaida anapanda kwenda kazini. Anayesema hiyo ni rangi tu anaonea watu.

Sasa upande mwingine, na huu njo unaniuma. Ndugu yangu aliwauliza pale dirishani, treni ya Bamako inaondoka siku gani? Wakamwonyesha mahali pa kupandia basi. Na kando ya lagare ile palikuwa na soko kubwa la Wamali, wengi wao wamama, lilizaliwa na treni lenyewe, maana mzigo ulishuka pale pale na kuuzwa pale pale. Mwaka 2009 soko likabomolewa. Fanya hesabu: 2009 wamama wanaondolewa, mwisho wa 2021 abiria wa kwanza anapanda TER. Ni miaka 12. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kubomoa alikuwa amefika umri wa kumaliza primeri. Wanasema soko liliondolewa kwa faida ya mji, sawa, lakini faida ilichukua miaka 12 kufika, na ilipofika ilifikia watu wengine.

Nasema hivi kwa sababu najua mzigo wa treni ni nini. Mama yangu alikuwa anauza mafuta ya mawese, yanatoka njia ya reli ya Mwene-Ditu na Kamina, yanakuja kwa bidoni za njano za lita 20, mdomo umefungwa na sashe ya plastiki halafu raba ya chemba ya baiskeli imezungushwa juu yake mara tatu nne mpaka kidole kinauma ukiifungua. Bidoni zote zinafanana, kwa hiyo kila mama na alama yake, ya mama yangu ilikuwa mistari miwili ya kutesi nyekundu, ile ya kucha, chini ya mkono wa bidoni. Treni ilikuwa haina siku. Wanasema Alhamisi, inafika Jumatatu. Tulikuwa tunakaa ku lagare na sufuria ya bukari, yaani ugali, imefunikwa na kitambaa, na wale wamama wanajuana, mmoja akienda nyumbani kulala mwenzake anamlindia nafasi, na kama mzigo unafika usiku mtu anatumwa kukimbia kugonga madirisha kartiye nzima. Mtu akiniambia tufunge lagare, mimi njo picha hiyo inakuja, si ukuta na paa.

Lakini pia sitaki kudanganya watu kwamba kuiacha vile ilivyo ni kuwaheshimu wamama. Hapana. Kukaa siku nne kwenye sima, ile sakafu ya saruji ya lagare, choo hakuna, mvua ya Januari inakupiga, hiyo si urithi, ni mateso. Na jengo halisubiri mtu. Kwetu mvua inaanza Novemba mpaka Machi, Aprili, bati moja likiachia maji yanaingia kwenye mbao, mwaka unaofuata ukuta umevimba. Wale wanaosema tungojee mpaka reli ipone kwanza, wanasema kitu cha akili, ila reli inaweza kuchukua miaka ishirini na paa halina hiyo miaka.

Na historia yetu je? Reli ilifika hapa 1910 ikitoka kusini kupitia Sakania, mwaka ule ule mji wenyewe ukaanza, wakauita Élisabethville. Yaani Lubumbashi na reli ni pacha. Mwaka 1918 ikafika Bukama, 1928 ikafika Ilebo, wakati ule Port-Francqui, na wengi wa babu zetu walishuka kutoka kwenye mabehewa hayo kuja kufanya kazi ya shaba, wengine kwa hiari, wengine walichukuliwa. Halafu 1992 na 1993, ile ya uchungu, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, maelfu walilala kwenye lagare za Likasi na Kolwezi wiki na miezi wakingojea treni, na wengine walikufa pale pale wakingojea. Wazee wengi hawapendi kuongea juu yake. Njo maana nikisikia kutengeneza naunga mkono, na wakati huo huo naogopa, maana fundi akipaka rangi mpya juu ya kila kitu halafu akaweka kibao kimoja cha mwaka 1910 na jina la mfalme wa Wabelgiji, tumetengeneza jengo na tumefuta watu.

Turudi kwa pesa. Wale wa "reli kwanza" wako na hoja moja nzito kuliko zote, na inaitwa Buyofwe. Machi 2022, kule Lualaba, treni ya mizigo ilianguka kwenye korongo na watu 75 hivi wakafa, watu waliopanda treni ya mizigo kwa sababu treni ya abiria haipo ao haijulikani inapita lini. Ukikumbuka hiyo, kununua marumaru ya lagare kabla ya mataruma na mabulo (bolti) ya reli kunafanana na kumvalisha suti mgonjwa wa mguu. Hoja hii mimi siwezi kuivunja. Naweza tu kuongeza kwamba pesa hazitoki mfuko mmoja: anayetoa pesa kwa ajili ya majengo ya kale hanunui mataruma, na wale wanaokimbilia njia ya Lobito leo, reli ya kupeleka madini bandarini Angola, macho yao yako kwa shaba na kobalti, abiria hawatajwi sana. Kwa hiyo ukikataa pesa ya jengo usifikiri itageuka kuwa pesa ya reli, mara nyingi inaondoka tu.

Mimi nimesimama wapi? Watengeneze, ila wasifunge yote. Kipande kwa kipande, paa kwanza kabla ya mvua, kisha choo na maji, rangi mwisho kabisa, na wakati wote upande mmoja wa sima ubaki wazi kwa mizigo. Wamama waandikwe majina na waonyeshwe mahali pao kwa mguu, wasimame pale wapaone, kabla bati la kwanza la uzio halijapigwa msumari, maana ahadi ya "mtarudishwa" tunaijua. Na kabla ya yote ratiba, hata treni moja kwa wiki mbili, lakini siku iandikwe ukutani na iheshimiwe. Lagare iliyopakwa rangi ambayo haina siku ya treni, mimi siiti lagare.

Yule kaka wa grupu aliyeandika "hata miaka mitatu", nampenda na najua anaitakia mema Lubumbashi. Namwomba anijibu kitu kimoja tu: siku ya kwanza ya hiyo miaka mitatu, treni ya Kamina ikifika saa nane za usiku, mama wa mafuta aende kupokea bidoni zake wapi? Aniandikie jina la avenyu. Akiniandikia, hata kesho nakuja na burashi yangu.