Shingo ya gitaa: kipande kimoja au ya kuunga?

Kuna mteja kaja juzi hapa Ngamiani, kashika shingo niliyokuwa naipiga msasa, akaona mstari wa gundi karibu na kichwa, akairudisha mezani kama mtu aliyeshikishwa samaki wa jana. "Fundi hii umeunga, mi kiraka sitaki, nataka kipande kimoja."

Sio yeye tu, hata mafundi wenzangu Tanga hii wapo wanaosema hivo, na tusiwacheke maana hoja wanayo. Kipande kimoja hakina gundi ya kuachia. Nyuzi za chuma zinavuta kama kilo 70 usiku na mchana hazipumziki, sa ukiunga kwa ile gundi nyeupe ya kawaida afu gitaa lisahaulike kwenye gari juani, kiungo kinateleza mdogo mdogo mpaka kinafunguka mdomo. Nishaletewa moja hivo. Na Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, miaka ya 50 walitoa shingo za mepo (mbao ngumu ya kwao) kipande kimoja, mpaka leo zinapigwa.

Ila ngoja hapo hapo kwa Fender. Kichwa chao hakilali nyuma, kinaenda sawa na shingo, kwaiyo ubao mwembamba unatosha. Gitaa kavu nyingi kichwa kinalala kama digrii 15, na hapo hesabu inakuwa nyingine: kichwa cha sentimita 20 ncha yake inashuka sentimita 5 na ushee, ongeza unene wa kichwa chenyewe, unataka ubao wa karibu sentimita 7. Mbao ya mbili kwa sita unene wake inchi mbili tu, haifiki, inabidi utafute ya inchi tatu, na kubwa ya pesa yako inaishia kuwa makapi chini ya meza. Afu inchi tatu ya mkangazi inachelewa sana kukauka, nje unaigonga inalia vizuri kumbe moyoni mbichi, ukichonga leo masika ikija inajinyonga.

Hayo yote ningevumilia. Kinachonishinda ni mistari ya mbao. Kwenye ubao ulionyooka mistari inaenda na shingo safi kabisa, ikifika pale kichwa kinapopinda yenyewe haipindi, inatokeza nje, kwaiyo kichwa kinashikiliwa na vinyuzi vifupi vifupi kama biskuti. Shingo yangu ya kwanza ya mkangazi nilikata hivo, mwenyewe nikajisifu, gitaa likaanguka kutoka kwenye kiti tu, kiti jamani sio ghorofani, kichwa kikabaki kinaning'inia na nyuzi.

Ukiunga, unakata ubao mshazari kwa digrii zile zile, unageuza kipande kilichokatika juu chini, unagandisha. Ubao wa inchi moja unakupa uso wa gundi karibu sentimita 10, na mistari sasa inaenda na kichwa. Kisigino, pale shingo inaposhikana na boksi la gitaa, unapanga vipande vilivyobaki kimoja juu ya kingine. Gundi tu ndo usibane hela, tafuta ya epoksi.

Kiungo chenyewe lakini hakiokoi mbao mbovu. Pale zinapouzwa mbao mi siangalii uso, naangalia kichwa cha ubao, yaani ncha ilipokatwa, nakilowesha mate kidogo mistari ionekane. Ikisimama wima kulingana na unene, nachukua. Ikilala, ubao huo utacheza zaidi, maana mbao inasinyaa kufuata duara la mti karibu mara mbili kuliko kutoka moyoni kwenda ganda. Nyingi za hapa zimelala, basi nanunua mbili kwa sita hiyo hiyo, napasua vipande vya unene wa shingo, nakilaza kila kimoja ubavu, mistari inasimama yenyewe. Upana unabaki sentimita 5, haufiki kwenye kisigino, kwaiyo napasua katikati, nageuza nusu moja ili zikitaka kupinda zipingane, nachomeka ukanda wa mninga katikati. Viungo vinazidi kuongezeka, najua, na mwenye kipande kimoja hapo atanicheka.

Yule mteja nikamwambia kipande kimoja nakukatia, ila kichwa tukinyooshe kama cha Fender. Hataki, anataka kilale kama cha Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, ambacho ndo digrii 17 na mafundi wa kuunga vichwa vilivyovunjika wanakijua vizuri sana. Katafuta inchi tatu yake kaniletea. Ipo juu ya kenchi inakauka, nimemwambia asinipigie simu kabla ya mwakani.