Fowili Haikuongezei Breki

Kila asubuhi nikiwasha gari, mama mmoja wa Kijapani ananisemesha kutoka ndani ya dashibodi. Mwaka mzima wa kwanza nilidhani ni salamu, na siku nilizoamka vizuri nilimjibu. Kumbe alikuwa ananiambia kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Barabara za kulipia za Japani! Mimi niko Nyegezi, Mwanza, nasubiri daladala limalize kushusha abiria katikati ya njia, yeye anadai kadi.

Nacheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha sana. Forester, RAV4, X-Trail na Prado tunazoletewa zimekwisha kutumika huko kwao, na kitabu cha maelekezo kikiwemo kwenye droo basi kimeandikwa kwa lugha ya yule mama. Kwa hiyo elimu ya gari tunaichukua kwa dalali na kwa vijana wa kuosha magari, nayo yote inaingia kwenye sentensi moja: "Hii ni fowili bosi, hii haikwami."

Fowili ni gari ambalo injini yake husukuma magurudumu yote manne. Nina ugomvi na sentensi hiyo, na ugomvi wenyewe hauhusu kukwama. Kukwama ni aibu na matope ya viatuni, kesho yake unasimulia kwa kucheka. Tatizo ni kwamba mtu akishaamini kuwa gari lake halikwami, anaanza kuamini kuwa haliserereki pia, wala halipinduki. Anapiga lami ya mvua kwa mwendo ambao mwenye Vitz asingethubutu.

Injini inaposukuma magurudumu manne badala ya mawili, unachopata ni nguvu ya kuondoka na kupanda. Basi. Ukikanyaga breki, habari ya fowili imekwisha, maana kila gari lina breki nne, hata Vitz ya dada yangu. Kinachokusimamisha ni tairi nne na lami iliyo chini yake, na gari lako zito lina kazi kubwa zaidi ya kusimama kuliko lile dogo. Kwenye kona ni vilevile. Gari likishaanza kukuponyoka, haliulizi injini inasukuma wapi.

Lakini lililonisumbua zaidi nilipolielewa ni hili: fowili inakuficha habari ya barabara. Vitz ikiondoka kwenye utelezi, tairi ya mbele inazunguka bure, usukani unalegea mkononi, na dereva anapunguza mwendo kabla hajafika popote. Fowili inaondoka palepale kimyakimya kama pakavu. Hujaambiwa kitu. Unakuja kuambiwa ukiwa spidi 90, na wakati huo unaambiwa yote kwa mkupuo. Hapa Mwanza mvua ikipiga, milima yetu ya mawe inashusha mchanga na kokoto hadi kwenye lami, na asubuhi inayofuata kona inakuwa imemwagiwa shanga. Ukiwa juu ya fowili huzisikii mpaka ukanyage breki.

Mimi niliambiwa kwa mkupuo karibu na Usagara. Tulikuwa tumekwenda upande wa Sengerema, mimi na shemeji yangu, kwenye mwalo mmoja mdogo ambao gari linashuka mpaka mchangani. Kabla ya kuingia nilipunguza upepo wa tairi hadi PSI 18, kama inavyotakiwa, na gari likatembea juu ya mchanga vizuri kabisa. Kurudi, shemeji akapakia magunia mawili ya mpunga juu ya keria kwa sababu nyuma kulikuwa na ndoo za dagaa na hakutaka mpunga unuke. Jioni ikaingia. Manyunyu yakaanza. Tukatoka mchangani, tukashika njia, na upepo wa tairi nikausahau.

Zamani ningekumbushwa. Enzi za kivuko cha kuvuka ziwa ungefika Busisi ukakaa foleni. Ungeshuka, ungenunua samaki wa kukaanga, ungezunguka gari mara tatu kwa kukosa kazi, na katika kuzunguka huko ungeiona tairi iliyobonyea. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 unazipita zile kilometa tatu za maji huku umekaa, na unatokea Kigongo ukiwa bado na mwendo wako. Sililaumu daraja, Mungu aniepushe. Mgonjwa aliyewahi kulala foleni usiku kule Busisi anajua thamani yake. Nasema tu kwamba foleni ile ilikuwa inanikagulia gari bila mimi kujua.

Ndama akakatiza. Nikakata usukani kulia, nikaurudisha kushoto, na katika kule kurudisha nikasikia gari linainuka upande wa shemeji. Tairi laini zikajikunja chini, magunia yakavuta juu, na kwa muda ambao sijui niuite nini niliona taa zangu zinamulika miti badala ya barabara. Likarudi chini. Likatua kwenye majani kando ya njia, limekaa sawa, injini inazunguka. Shemeji hakusema neno mpaka tulipofika mjini.

Nilikuwa nimefanya makosa matatu, na hakuna hata moja lililohusu matope. La kwanza, tairi za upepo mdogo ni za mchangani na za mwendo wa taratibu. Ukizipeleka mbio kwenye lami zinapata joto na kona zinazishinda. La pili, magari haya yana tumbo la juu ili yasikwaruze mawe, na kitu kilichoinuliwa huanguka kwa urahisi kuliko kilicholala. Zinazouzwa Marekani hubandikwa onyo kabisa kwamba gari la aina hii hupinduka kirahisi kuliko aina nyingine, usikate kona kwa ghafla. Mimi juu ya urefu huo nikaongeza magunia mawili. La tatu, nilikata usukani. Ndama alistahili breki za moja kwa moja na honi. Najua ni rahisi kuandika hivyo nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Mkanda nilikuwa nimefunga. Shemeji pia, kwa kuogopa trafiki tu. Lakini siku za msiba au harusi huwa tunapakia watu nyuma, na nyuma hakuna anayefunga. Ukiwaambia wanakuuliza kama unapanga kuwaangusha. Gari likibiringika, asiyefunga mkanda ndiye anayetoka dirishani. Siku hizi siwashi injini mpaka nisikie milio yote ya mikanda, na shangazi yangu amekwisha kunung'unika ukoo mzima ukasikia.

Sasa matope, maana msomaji wa Kanda ya Ziwa hatanisamehe nikiyaruka. Wasukuma wana majina ya udongo kwa sababu wanalima, lakini dereva naye anayahitaji. Luseni ni ule wa mchanga mwepesi, wa juu karibu na miamba. Unapitika hata baada ya mvua. Ukikauka sana ndipo unameza tairi, na dawa yake ni kupunguza upepo na kwenda mwendo usiokatika. Mbuga ni ule mweusi wa bondeni. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikinyesha, mbuga hautelezi tu, unajibandika kwenye tairi na kujaza meno yote mpaka tairi nne zinakuwa kama nne za plastiki zilizopakwa mafuta. Hapo fowili inafanya jambo moja kwa uhakika: inakufikisha mbali zaidi na watu kabla hujakwama.

Niliwahi kukwama hivyo ndanindani huko Magu. Baada ya saa nzima ya kukanyaga mafuta, jambo ambalo lilinichimbia kaburi mpaka ekseli ikalala chini, akaja mzee na maksai wanne na mnyororo wa jembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii gari ni ya miguu minne?"

"Ndiyo, mzee."

"Hawa nao wana miguu minne kila mmoja. Mvua ikinyesha nawaacha zizini."

Akanitoa kwa shilingi elfu kumi na tano na hekima ile bure. Kabla ya kuvuta aliwafukuza watoto wote waliokuja kutazama, wakarudi nyuma mbali kabisa na mnyororo. Mnyororo ukikatika, au ndoano ikichomoka, unaruka kama fimbo na haumjui mtoto wa nani. Akauliza pia chuma cha kuvutia kiko wapi. Bampa hakuigusa, maana bampa inang'oka ikiwa nzima. Nimewaona vijana wa mjini, tena wenye winchi, wakikosea yote mawili.

Nilichojifunza pale ni kushuka. Ukifika kwenye kitu usichokielewa, simamisha gari, shuka, tembea kwa miguu. Mguu wako ukizama hadi kifundoni, gari la tani moja na nusu litazama zaidi. Dereva wa fowili anaona haya kushuka, anadhani anaonekana hajiamini. Wenye magari ya kupeleka watalii Serengeti wanashuka kila mara kukagua njia, wakiwa nje ya hifadhi bila shaka. Wale ni watu wanaokula kwa usukani.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: fowili si moja. Hilux ya zamani au Hardtop ina kijiti unachokivuta mwenyewe, na ukikivuta, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanafungwa pamoja yazunguke sawa. Matopeni ni sawa, kwa sababu tairi inaweza kuteleza kidogo na kujirekebisha. Kwenye lami kavu ni mateso. Gari likikata kona, tairi za mbele hutembea njia ndefu kuliko za nyuma, na kwa kuwa zimefungwa pamoja kitu lazima kiteseke: tairi zinalika, usukani unakuwa mzito, giaboksi ndogo inagugumia. Nawajua watu wanaoiacha imefungwa kutoka Geita mpaka mjini "kwa usalama". Forester haina shida hiyo, imetengenezwa isukume manne muda wote. X-Trail zetu nyingi husukuma kwa mbele na kuita ya nyuma pale ya mbele yanapoteleza, kwa hiyo ukizikaanga mchangani kwa muda mrefu mtambo wa kuita unapata joto na kukata huduma. Na zipo RAV4 ambazo hazina chochote nyuma! Ziliuzwa hivyo huko kwao, za magurudumu mawili, zenye sura ileile. Chungulia chini kabla ya kulipa. Kama hakuna propela, chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma, na hakuna difu, bakuli la gia katikati ya ekseli, umenunua Vitz ndefu.

Kwa hizi zinazosukuma manne muda wote, usichanganye tairi. Moja mpya na tatu zilizochakaa ina maana moja inazunguka tofauti na wenzake siku nzima, na mtambo wa katikati unafanya kazi usiku na mchana kusawazisha ugomvi huo. Gari lenyewe likiharibika njiani, lisivutwe huku magurudumu mawili yakiwa chini. Libebwe.

Maji nitayasema kwa kifupi kwa sababu hayana mjadala. Maji yanayokwenda, ya sentimita 60 tu, yanatosha kubeba magari mengi, hata haya ya kwetu; gari dogo linaanza kuelea kwenye 30. Likizimika majini usiliwashe tena, maana maji yakivutwa ndani ya injini hayashindiliki kama hewa, na kinachopinda ni konrodi, chuma kinachoshika pistoni. Mvua ikinyesha juu milimani, mto Mirongo hapa mjini unafura ndani ya muda wa kunywa chai. Kunywa ya pili, utapungua.

Kushuka mlima wa mawe, ingiza gia nzito, zile namba za chini, ukiwa bado juu, toa mguu kwenye klachi, injini ishike gari yenyewe. Ukishindwa kupanda, rudi kinyumenyume njia ileile, wima. Anayejaribu kugeuza katikati ya mlima anaweka gari ubavu, na ubavu ndio upande ambao magari haya hayana miguu.

Jioni ile, baada ya ndama, tuliingia kituo cha mafuta pale Usagara. Mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka, nikajifanya natafuta pesa. Kibandiko cha upepo kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, nacho kwa Kijapani, lakini namba ni namba: 220 mbele, 200 nyuma, kwa kipimo chao. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu siku nyingi kwamba kwa mashine zetu ni 32 na 29. Kijana wa upepo akachuchumaa, akapima, akaguna.

"Bosi, ulikuwa unaendesha chapati. Nijaze arobaini?"

"Thelathini na mbili mbele, ishirini na tisa nyuma."

"Upepo ni bure, bosi."

Nikarudia namba. Akajaza huku akimwangalia shemeji, ambaye alikuwa amepanda juu ya keria na kuanza kufungua kamba za magunia.