Mkutano upangwe kwa kipimo cha mwenye bando, si cha mwenye fiba

Sisi tulioko ughaibuni tuna kauli tunayoitoa kila mkutano wa mtandaoni unapovurugika: "Mtandao wa huko nyumbani mbovu." Kauli hiyo ina ukweli nusu. Nusu iliyobaki ni kwamba mkutano wenyewe kwa kawaida hupangwa na aliye huku, mwenye fiba isiyohesabiwa matumizi, kompyuta iliyochomekwa ukutani na chumba cha kujifungia. Anachagua programu aliyoizoea kazini, anaweka saa nzima, anataka kamera zote ziwashwe "tuonane", kisha anashangaa watu wa nyumbani wanavyoingia na kutoka. Hawatoki kwa hiari yao. Wanatolewa na hesabu ambayo mpangaji hakuipiga.

Tuipige basi. Zoom wanaeleza kwamba sauti tupu inahitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde. Chukua 80: kwa kuwa baiti moja ni biti nane, ni kilobaiti 10 kwa sekunde, yaani megabaiti 36 kwa saa, na kwa kuwa sauti inakwenda na kurudi, weka 72. Video ya mkutano wa watu wengi kwa ubora wa 720p (picha kali), kwa viwango vyao hao hao, inataka megabiti 2.6 kwa sekunde kupakia na 1.8 kupakua. Kwa saa moja hiyo ni kama MB 1,170 kwenda na MB 810 kurudi, karibu GB 2 nzima. Bando la GB 1 ambalo lingebeba mazungumzo ya sauti kwa zaidi ya saa 13 linakatika baada ya nusu saa hivi. Ni kweli programu hushusha ubora mtandao unapolegea, na simu haipokei picha kubwa kama kompyuta, kwa hiyo mara nyingi matumizi huwa chini ya hapo. Lakini hata ukigawa kwa nne, tofauti kati ya sauti na video bado ni kubwa kiasi kwamba mwenye bando lazima aipime kabla ya kubonyeza "jiunge". Aliye huku hana haja ya kuipima, ndiyo maana haimjii akilini.

Ushauri unaotolewa kila mara ni "zima kamera yako". Haujakamilika. Ukizima kamera yako umeokoa upande wa kupakia tu. Nyuso za wenzako zinaendelea kushuka kwenye simu yako. Kuangalia picha 25 kwa pamoja kwenye Zoom kunahitaji megabiti 2 kwa sekunde kupakua, na hapo wewe mwenyewe hujaonyesha hata kidole. Kinachotakiwa ni kuzuia video zinazoingia. Zoom na Teams kwenye kompyuta zina chaguo la kusimamisha video zinazoingia, liko kwenye menyu ya "zaidi" wakati mkutano unaendelea. Google Meet kwenye kompyuta ina mpangilio wa ubora wa video unayopokea, na mojawapo ya machaguo yake ni sauti pekee. Programu yake ya simu ina swichi ya kupunguza matumizi ya data. WhatsApp inayo pia, ndani ya mipangilio ya hifadhi na data, ya kutumia data kidogo unapopiga simu. Swichi hizi zote hukaa zimezimwa mpaka mtu aziwashe.

Njia fupi kuliko hizo zote iko mikononi mwetu huku: sisi ndio tuzime kamera. Watu kumi wa ughaibuni wakizima, mtu wa nyumbani hana cha kupakua zaidi ya sauti, wala hahitaji kuitafuta menyu yoyote. Dakika mbili za mwanzo watu waonane na kusalimiana, kisha kamera zifungwe, abaki anayezungumza tu ikibidi. Wapo wanaosema bila nyuso mkutano unakosa uhai. Kwangu uso ulioganda mdomo wazi haujawahi kuongeza uhai wowote.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba kuonyesha skrini ni rahisi kuliko kuonyesha uso. Ukurasa usiosogea, bila picha ndogo za washiriki pembeni, unakula kilobiti 50 hadi 75 kwa sekunde, sawa na sauti. Mzigo unarudi ukiweka video ndani ya slaidi, au ukiviringisha ukurasa juu chini kama unayetafuta kitu kilichopotea. Ila skrini ya simu ni ndogo, na jedwali la safu 12 halisomeki pale. Tuma PDF kabla ya mkutano, tena iliyobanwa, na wakati wa kuzungumza taja namba ya ukurasa.

Sasa kuhusu ubora wa mtandao wenyewe. Mtu anapima kasi, anaona megabiti 20, anahitimisha kwamba tatizo ni la programu. Kipimo cha kasi kinaonyesha upana wa njia, nacho sauti haihitaji upana mkubwa. Sauti hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, na kila kimoja husafirishwa peke yake. Kikipotea njiani, au kikichelewa hadi zamu yake ikapita, hutupwa. Programu hujaza pengo kwa kukisia, na ikikisia mara nyingi mno unapata ile sauti ya roboti. Kwa hiyo angalia mambo matatu badala ya kasi: ucheleweshaji, mtikisiko wa ucheleweshaji huo (yaani unavyopanda na kushuka), na asilimia ya vipande vinavyopotea. Zoom kwenye kompyuta huvionyesha vyote kwenye ukurasa wa takwimu ndani ya mipangilio. Upotevu wa asilimia chache tu huanza kuharibu sauti hata kama kasi ni ya kujivunia. Kwenye simu sababu huwa ni mnara uliolemewa jioni watu wote wakiwa hewani, au kuta nene, au mtu anatembea huku anazungumza. Kukaa mahali pamoja karibu na dirisha kunasaidia kuliko kununua bando kubwa zaidi.

Na huku ughaibuni hatuko safi kiasi tunachojidai. Anayejiunga kupitia kompyuta ya ofisi mara nyingi yuko ndani ya VPN ya kampuni, yaani njia ya faragha inayopitisha data yake kwenye mtandao wa kampuni, au nyuma ya ukuta wa usalama unaozuia UDP, itifaki (kanuni ya kusafirisha data) ambayo programu hizi hupendelea kwa sauti na picha. UDP ikizuiwa, programu huhamia itifaki nyingine, TCP, kwenye mlango wa mtandao namba 443. TCP haikubali kipande kipotee. Husimamisha foleni nzima mpaka kilichopotea kitumwe tena. Kwa kupakua faili ni jambo jema, kwa mazungumzo ni balaa: sauti inanyamaza, kisha maneno ya sekunde tatu yanamwagika kwa mpigo. Tiba ni kutoka kwenye VPN kama kampuni inaruhusu, au kutumia simu yako binafsi. Kwenye majengo ya ghorofa, Wi-Fi ya 2.4 GHz ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na majirani wote wamebanana humo. Hamia 5 GHz au chomeka waya. Mara nyingi anayelalamika "siwasikii" ndiye mwenye tatizo, na watu wa nyumbani wananyamaza kwa adabu tu.

Kwa aliye kwenye simu, adui mkubwa ni simu ya kawaida inayoingia. Ikipigwa, maikrofoni inachukuliwa na mkutano unanyamaza. Kama mtandao au simu yako haina uwezo wa kupiga kupitia 4G, laini hushuka kwenda 3G au 2G ili kupokea, na ikishuka hadi 2G data husimama. Ukikata unakuta umeshatolewa mkutanoni. Simu nyingi za laini mbili zina ugonjwa unaofanana: kuzungumza kwenye laini moja hukata data ya nyingine. Kuweka "usinisumbue" hunyamazisha mlio tu, hakuzuii kushuka huko. Kinga ya kweli ni kuelekeza simu kwingine kwa muda, au kama una Wi-Fi, weka hali ya ndege kisha washa Wi-Fi peke yake. Zima pia hali ya kuokoa betri, kwa sababu ndiyo huiua programu ukifungua ujumbe mwingine, na usiiweke simu juani ikiwa kwenye chaji: ikipata joto hupunguza kasi yake yenyewe na picha huanza kukatakata.

Ukiunganisha kompyuta kwa hotspoti ya simu, iambie Windows kwamba mtandao huo unahesabiwa matumizi. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, chagua jina la hotspoti, washa swichi ya mtandao unaopimwa. Usipofanya hivyo, masasisho na uhifadhi wa picha vinaweza kulamba bando lote huku mkutano ukiwa bado kwenye kufungua.

Visikilizio vya waya vina faida ambayo vile vya Bluetooth havina. Vya Bluetooth, mara maikrofoni yake inapotumika, kwa kawaida hubadilisha mfumo na kushuka ubora, ndiyo maana mtu husikika kama yuko ndani ya debe. Vya waya, hata vya bei ya chini, havina tabia hiyo na havihitaji chaji.

Tofauti nyingine kati ya huku na kule ni chumba. Huku kila mtu yuko peke yake na kifaa chake. Nyumbani ni kawaida watu watano kuizunguka simu moja, na mimi sioni ubaya wake. Bando moja linahudumia watano. Kosa hutokea simu ya pili inapojiunga kwenye mkutano ule ule ndani ya chumba kile kile. Kila programu hufuta mwangwi wa spika yake yenyewe, haina habari na spika ya jirani, hivyo sauti inazunguka kati ya simu hizo mpaka inakuwa mluzi. Simu ya pili izimwe maikrofoni na spika pia, si maikrofoni tu. Simu inayotumika isilazwe kwenye godoro wala kitambaa, maana kwenye nyingi maikrofoni iko ukingo wa chini. Isimamishwe kwenye kitu kigumu, na anayezungumza asogee karibu nayo.

Kuhusu kuchelewa: mwanga ndani ya fiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo umbali wa kilomita 8,000 peke yake ni milisekunde 40 kwa upande mmoja, kabla ya ruta, mnara na seva kuongeza zao. Pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linataka kuchelewa kwa upande mmoja kusizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende kama ya ana kwa ana. Kukizidi, watu wawili huanza kusema pamoja, wote wananyamaza, wote wanaanza tena. Hapo mwenyekiti aite majina. "Nani ana swali?" kwenye laini ya namna hii huzaa ukimya au kelele.

Muda nao upangwe kwa UTC, saa ya dunia isiyosogezwa, kwenye mwaliko. Nchi nyingi za ukanda wa tropiki hazisogezi saa, ila Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na Marekani Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kuna wiki mbili au tatu mwezi Machi, na wiki moja vuli, ambapo tofauti uliyoikariri baina ya ndugu wa Ulaya na wa Marekani si sahihi, na anayekaa nyumbani ndiye anayengoja saa nzima akiwa peke yake mkutanoni. Weka dakika 35. Zoom ya bure hukata kwenye dakika 40, Meet ya bure kwenye 60 mkiwa watatu au zaidi, na mkutano wa dakika 35 unaweza kukamilika kabla chaji ya mtu haijaisha.

Mwenyeji awe mwenye umeme wa uhakika, na kama akaunti inaruhusu, mwenyeji msaidizi awekwe tangu dakika ya kwanza ili mlango wa kuingilia usibaki umefungwa mwenyeji akikatika. Kurekodi kwenye kifaa chenyewe hakuwezekani kwa Zoom ya simu, kwa hiyo kazi hiyo apewe wa kompyuta. Nyumbani umeme unapokatika mara kwa mara, kumbuka ruta: nyingi zinatumia volti 12, na zipo betri ndogo za UPS (za akiba umeme ukikatika) za kuzihudumia, mradi volti na ampea zilingane na zilizoandikwa kwenye adapta.

Na asiye na data kabisa asisahauliwe. Skype, ambayo wengi wetu tuliitumia kupigia namba za kawaida, ilifungwa Mei 2025. Akaunti za kulipia za Zoom zinaweza kuruhusu kujiunga kwa simu ya kawaida: unapiga namba ya nchi yako, unaingiza namba ya mkutano na alama ya reli (#), kisha *6 kuzima au kuwasha maikrofoni na *9 kuinua mkono. Si kila nchi ina namba yake, kwa hiyo isome orodha iliyo kwenye mwaliko kabla ya kumwahidi mtu. Ikikosekana, mwenye data aliye nyumbani ampigie huyo ndugu simu ya kawaida na kuweka spika karibu na kifaa cha mkutano. Ampigie kwa simu nyingine, si ile iliyo mkutanoni.