Mji ninaobebea boksi ndio uliokuwa unatuvisha

Wadau habari za wikendi. Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp kulizuka ubishi wa kanga, jamaa mmoja akashupaa kwamba kanga sio yetu bana, zamani zilichapwa Uholanzi na Manchester, siku hizi India, sasa tunajisifia nini. Nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta, mwisho nikaona nije humu maana mimi naishi kwenye mji ambao unahusika kabisa na huo ubishi.

Niko Lowell, jimbo la Massachusetts, Marekani, au Unyamwezini kama tunavyopaita vijana wa Dar. Hilo jina mlishike kwanza. Mji wenyewe una majengo marefu ya matofali mekundu kando ya mto Merrimack na mifereji yake, vilikuwa viwanda vya nguo, sasa mengine ni apatimenti za watu na jingine linaitwa Boott ni makumbusho. Niliingia humo siku moja ya Januari, sisemi uongo, nilifuata joto tu. Wanakupa vizibo vya masikio kwanza, nikadhani mbwembwe, kumbe ile mitambo ya kufumia ikiwashwa sakafu yote inatetemeka unaisikia mpaka kwenye meno. Na enzi zile mabinti wa vijijini ndio walikuwa wanashinda humo masaa 12 mpaka 14 kwa siku, tena 1834 na 1836 waligoma.

Kilichonishtua ni kitambaa chenyewe. Pamba tupu, hakijapaushwa, rangi ya maziwa yaliyolala, kigumu kidogo. Nikajikuta nasema peke yangu, eeh hii si ndo merikani! Bibi yangu mzaa mama, Mnyamwezi wa Tabora, ndo alivyokuwa anakiita, alikuwa nacho kwenye sanduku, na mimi miaka yote sijawahi kujiuliza kwa nini nguo inaitwa jina la nchi.

Basi iko hivi. 1833 Sayyid Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani, na hata kabla ya hapo meli za mji wa Salem, sio mbali na hapa, zilishaanza kufika Unguja. (Salem ya leo watalii wanafuata habari za wachawi tu, ukiwatajia Zanzibar wanakutolea macho.) Meli zilileta kitambaa cha viwanda vya Lowell na Salem, zikarudi na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi (ule utomvu mgumu wa miti). Pembe zikawa vitufe vya piano, sandarusi ikawa vanishi ya fanicha za watu huku. Kutoka pwani kitambaa kilipanda mabegani mwa wapagazi mpaka Tabora na Ujiji, na hao wapagazi wengi wao walikuwa nani? Wanyamwezi! Halafu leo mjukuu wao nabeba boksi huku na tunapaita Unyamwezini, kuna siku nilicheka mwenyewe kwenye basi watu wakanihama.

Na kilikuwa hela kabisa, sio nguo tu. Kilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole, mikono minne ni shuka, minane ni doti, hiyohiyo doti mnayonunulia kanga hadi leo. Ukitaka kupita kwenye nchi ya mtemi unalipa hongo kwa vitambaa, ilikuwa ushuru halali kabisa, maana ya sasa mnaijua.

Sasa hapa ndo namjibu yule jamaa. Watu wa kwetu hawakuwa wanapokea tu. Mteja wa bara akishazoea merikani nzito inayodumu, umpelekee nyepesi anaikataa, na mfanyabiashara akikosea ameshapata hasara, kwa hiyo kiwanda huku ilibidi kifume anachotaka mtu ambaye hawatamuona maisha yao yote. Waingereza walijaribu kuiga wakahangaika nayo. Mpaka Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, pamba ikaadimika huku, soko likaponyoka, baadaye vitambaa vya Bombay vikashika nafasi. Na watu wakaendelea kuviita merikani hivyohivyo! Kanga ni njia ileile, ichapwe popote, lakini pindo na mji (pale katikati) na jina (yale maandishi) tunaamua sisi, mwanamke wa Unguja akiona jina halina makali haibebi, imekula kwa aliyechapa.

Ila nisiwapambie. Ile pamba ya Lowell ililimwa na watumwa majimbo ya kusini, na viwanda hivihivi vilifuma kitambaa kigumu cha bei chee kikarudishwa kulekule kuvalishwa watumwa. Na zile pembe zetu njiani zilipita na watumwa pia. Makumbusho wanasema habari za pamba, wanasema vizuri tu, ila upande wetu wa safari mimi sikuuona.

Kinachoniuma ni sasa. Kazi yangu ya kwanza kufika huku ilikuwa ghala moja la nguo za misaada, kuchambua. Watu wanaleta mifuko na mifuko, shati lina lebo bado, halijavaliwa hata mara moja. Nguo huku haina uzito wowote, hakuna anayekumbuka alivaa nini siku mtoto wake anazaliwa, wakati kwetu mtoto anapokelewa kwa kanga, na mama akiondoka wanagawana kanga zake huku wanalia. Zisizouzika zinafungwa belo zinasafirishwa, na mama yangu ni muuza mitumba pale soko la Karume, Dar, kwa hiyo nilikuwa nafunga huku na yeye anafungua kule. 2016 Afrika Mashariki walisema wataachana na mitumba ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuzitoa kwenye AGOA, ule mpango wa nchi za Afrika kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, nchi zetu zikalegea, Rwanda ikakaza na 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye huo mpango. Na kiwanda chetu cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa 1968, wenyeji mnaijua hali yake kuliko mimi.

Yaani zamani mteja wa Tabora alikuwa anaamua uzito wa kitambaa, leo mama ananunua belo limefungwa, halichunguliki, anakata kamba huku anasema bismillah. Mwaka jana alilipua moja nusu nzima makoti ya theluji. Dar, mwezi wa pili. Akanipigia simu, hata salamu hakutoa: "We mwanangu, huko hamna mtu wa kuwaambia hawa watu kuwa huku tunatoka jasho?"