Safu ya tatu ya daftari langu

Ukiuliza walimu wa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kwa nini mtoto fulani anasumbua darasani, utapewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza: "Huyo hakulelewa." La pili ni la wenye huruma: "Ni vita." Mimi mwenyewe nimeyatumia yote mawili, na siku hizi yote mawili yananichosha.

Vita ni ya kweli, mtu asinisome vibaya. Watoto wetu waliona volkano ya Nyiragongo ikitapika moto Mei 2021, wakakimbia na magodoro kichwani. Wengine walitoka Masisi na Rutshuru wakalala hemani katika kambi za Kanyaruchinya au Bulengo. Kisha ikaja Januari 2025, waasi wa M23 wakauchukua mji, risasi tukazisikia sote. Mtoto anayeruka chini ya benchi mlango ukijifunga kwa kishindo, sihitaji mtaalamu wa kunieleza habari zake. Lakini darasa zima lilisikia risasi zilezile. Kwa nini basi mmoja tu ndiye anayepiga wenzake, tena asubuhi tu?

Nilikuwa naye huyo mmoja, darasa la tano. Watoto walizidi 60 (tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019 tumebanana, benchi la watatu linakaliwa na watano), na yeye aliweza kuwavuruga wote kwa dakika moja. Atamchora mwenzake mgongoni kwa biki, ataangusha mfuko wa mwingine, atatukana. Namtoa nje. Kesho yake, tena. Nikamwita mama yake, anauza makala (makaa ya kupikia) soko la Virunga. Akaja na fimbo mkononi: "Mwalimu, hii hapa, nisaidie kumpiga."

Fimbo niliiacha pembeni, nikanunua daftari. Wataalamu wa tabia wana njia yao ya zamani, ambayo Marekani iliiingiza katika sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu mwaka 1997. Unaandika mambo matatu, kila moja na safu yake: nini kilitangulia fujo, mtoto alifanya nini hasa, na nini kilifuata. Huandiki "alikuwa mkaidi", hiyo ni hukumu. Unaandika "alirusha chaki, saa nne kasoro robo". Wao wanasema fujo ina kazi inayomfanyia mtoto: inamletea macho ya watu, inampatia kitu, inamwepusha na kitu, au inautuliza mwili wake.

Niliandika wiki mbili, nikapata fujo 11. Safu ya kwanza, mara 9: "Nimesema watoe madaftari ya dikte", yaani imla ya Kifaransa. Safu ya tatu, mara zote 11: "Nimemtoa nje." Niliisoma safu hiyo nikaona haya. Yeye alikuwa ananilipa fujo, mimi namlipa ruhusa ya kutoka. Biashara safi kabisa.

Miaka ya kwanza alisoma kwa Kiswahili kijijini, kisha akahamahama, shule ikakatika. Alipofika kwangu Kifaransa kilikuwa ukuta. Nikaanza kumpa dikte ya maneno matano, tukiwa wawili, kabla ya wengine kuingia, na nikaacha kumtoa. Wiki ya kwanza fujo iliongezeka, karibu nirudie desturi yangu. Wiki ya tatu ikapungua. Haikuisha, sitawadanganya.

Wenzangu watasema: daftari, na watoto 60, na benki zilipofungwa mshahara ukawa wa kutafutwa kama dawa? Wana haki. Sisemi tuwaandike wote. Mmoja tu, yule ambaye direkta, mkuu wa shule, ameshaanza kumtayarishia barua ya kumfukuza, mistari miwili kwa siku. Barua ile ni ndefu zaidi.

Zilibaki zile mara mbili ambazo hazikuwa na dikte. Nilizitazama sana, sikuona kitu. Mwishowe nikapita sokoni kumuuliza mama. Alifikiri kidogo akihesabu siku kwa vidole, mikono myeusi ya makala.

"Aa, Mwalimu. Siku hizo bomba lilikauka. Alienda ziwani kuchota maji na bidoni saa kumi ya usiku. Alikuja kwako bila kunywa hata chai."

Sasa daftari lina safu ya nne.