Gemu za zamani zarudi sokoni, lakini Lamu zinapitia mlango gani?

Katika kibanda kimoja cha gemu huku Langoni, mtaa wa Lamu, kuna PS2 mbili na PS4 moja, mashine za gemu za PlayStation za Sony. PS4 ina foleni, PS2 zina wenyewe. Mechi ni shilingi 20, na ukifungwa unampisha mwenzako padi. Mwenye kibanda, ambaye vijana wote humwita Ami, alinionyesha simu yake usiku mmoja baada ya isha. Zilikuwa gemu tatu za GTA (Grand Theft Auto) za enzi ya PS2, San Andreas na Vice City zikiwemo, zimepakwa rangi upya, yaani picha zake zimeboreshwa, na kuuzwa pamoja kwa dola 60.

"Hii si ile niliyokuwa nayo kwenye CD ya shilingi mia?"

Nikamwambia ndiyo, na pia siyo. Tangu hapo tumebishana kwa wiki mbili, na naona ubishi wetu una faida kwa wengine pia.

Tuanze na hesabu yake. Dola ikiwa karibu shilingi 129, dola 60 ni kama 7,740. Kwa mechi za shilingi 20 hizo ni mechi 387, kabla hajalipa umeme wala pango. Na San Andreas yenyewe ni ya 2004. Ami anauliza swali ambalo wachezaji wa Marekani na Ulaya nao huuliza kila mara gemu ya kale inaporudi: kazi ilishafanywa, gharama zilisharudi, tunatozwa nini tena?

Hapo mimi husimama upande wa kampuni kidogo, na Ami hukunja uso. Kurudisha gemu ya zamani si kama kutoa sufuria kabatini na kuipangusa vumbi. Mara nyingi kampuni zenyewe zilipoteza mali yao. Kingdom Hearts ya kwanza ilipotakiwa itolewe upya kwa picha safi, faili nyingi za asili hazikuwepo tena, ikabidi watu wakae waziunde upya. Silent Hill 2 na 3 ziliporudishwa mwaka 2012, waliopewa kazi walikabidhiwa msimbo ambao haukuwa hata wa mwisho, na matokeo yake yalilaaniwa na kila aliyeijua ile ya awali.

Halafu kuna haki za watu. GoldenEye 007, gemu ya James Bond, ilitoka 1997 ikapendwa dunia nzima, lakini haikurudi rasmi hadi Januari 2023. Mashine ilikuwa ya Nintendo, watengenezaji wake Rare walikuwa wameshanunuliwa na Microsoft, na James Bond mwenyewe ana wenyewe upande wa filamu. Ukitaka kuuza mali ya aina hiyo ni kama kuuza nyumba ya mirathi hapa Mkomani: kila chumba kina mrithi, mmoja yuko Mombasa, mwingine Jeddah, na saini ya kila mmoja inatakiwa. Nyimbo nazo hivyo hivyo. Redio ya ndani ya gari la Vice City ilijaa nyimbo za miaka ya 1980 zilizokodishwa kwa muda, na muda ukiisha wimbo hutolewa au hulipiwa upya.

Kwa hiyo bei ina sababu. Isitoshe, soko lina njia ya kuirekebisha. Sony walitoa PlayStation Classic, kijimashine chenye gemu 20 za PS1, Desemba 2018 kwa dola 100. Watu wakaona uchaguzi wa gemu ni dhaifu na baadhi yake zinakwenda polepole, na miezi michache tu baadaye maduka yalikuwa yakiiuza chini ya nusu ya bei ile. Mwenye subira alikula mbivu. Ndiyo maana kelele za "ghali, ghali" pekee hazinishtui. Kitu ghali unaweza kukingojea.

Usichoweza kukingojea ni kitu kilichoondolewa.

Hapa nakubaliana na Ami kabisa, hata kumzidi. Oktoba 2021, kabla zile GTA tatu zilizopakwa rangi hazijatoka, wenye nazo waliziondoa zile za awali kwenye maduka ya mtandaoni. Mpya zikatoka Novemba zikiwa na kasoro tele, nyuso zimeumbuka, mvua inaonekana kama nyuzi nyeupe zilizoning'inia mbele ya macho. Kampuni ikaomba radhi na kuzirudisha za zamani kwa wachezaji wa kompyuta. Radhi tuliipokea, lakini nia ilikuwa imeshaonekana: mtu aliziba kisima cha zamani ili tukanunue maji kwake.

Nintendo nao walifanya lao. Septemba 2020 walikusanya gemu tatu za Mario, ya 1996, ya 2002 na ya 2007, wakaziuza pamoja kwa dola 60, wakatangaza mapema kwamba zitauzwa hadi Machi 31, 2021 basi. Si kwamba mzigo uliisha. Toleo la kupakua haliishi, ni faili. Walichouza ni haraka, na haraka hiyo ilileta wanunuzi karibu milioni 9. Kibiashara ni werevu. Kwangu mimi ni sawa na mvuvi anayerudisha samaki baharini saa sita mchana ili wa jioni wapande bei.

Maduka yenyewe nayo hufungwa. Lile la Wii, mashine ya Nintendo, lilifungwa Januari 2019, na yale ya Wii U na 3DS, mashine zao nyingine, Machi 2023, na gemu kadhaa zilizokuwa zikipatikana humo tu hazina mahali pengine pa kuuzwa. Julai mwaka huo huo Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani kihalali. Kwa PS2, mashine ambayo ingali inavuja jasho Langoni, zilizokuwa zikipatikana zilikuwa kama asilimia 12. Kumbuka hapo ni Marekani, nchi ambayo maduka yote haya yamejengwa kwa ajili yake.

Huku kwetu mlango ni mwembamba zaidi. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao wa PlayStation. Wachezaji hufungua akaunti kwa kujifanya wakazi wa Marekani au Afrika Kusini, kisha hununua namba za kadi kwa wauzaji wa kati walioongeza chao. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, iliyoanza 2022, imerahisisha malipo mengi, lakini haikubadilishi kuwa mkazi wa California. Mtu aliye tayari kulipa kwa halali anaanza kwa uongo kwenye fomu ya kujisajili. Nikimweleza Ami habari za hakimiliki, hili ndilo hunirudishia, na sina jibu zuri.

Basi watu wamejitafutia. PS2 za kibandani zimetiwa chipu ili zikubali diski za kunakili, na diski zenyewe ni hizo. Toleo rasmi la mwisho la FIFA kwa PS2 lilitoka 2013, lakini nimeona diski zenye vikosi vya msimu uliopita tu, zimetengenezwa na mafundi wasiojulikana waliobadilisha majina, jezi na hata nyimbo za mashabiki. Huduma hiyo hakuna kampuni iliyokuwa tayari kuitoa. Vijana wengine wana emuleta, programu inayoifanya simu ijione PS1. Super Mario Bros. ya 1985 nzima ni kilobaiti 40, ndogo kuliko picha moja ya punda unayotumiwa kwa WhatsApp.

Je, ni wizi? Sitaki kulipamba. Pwani tunaujua uchungu wa kunakiliwa: kaseti za taarabu zilirudufiwa madukani kwa miaka, na waimbaji wengine walizeeka huku sauti zao zikilia kila harusi na mfuko mtupu. Siwezi kulilia yale nikayachekea haya. Anayenakili gemu iliyo sokoni, yenye bei anayoimudu, hana hoja kwangu.

Ila gemu iliyoondolewa sokoni ni jambo jingine. Tendi za kale za Pate, Siyu na hapa Amu zimetufikia kwa sababu watu walikaa na kalamu za mwanzi wakazinakili kwa hati ya Kiarabu, nakala juu ya nakala, wadudu na unyevu vikila za zamani. Lau kila nakala ingengojea ruhusa ya mtu aliyekataa hata kuuza, tungekuwa na masanduku matupu. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba kuwafungulia watafiti gemu za zamani kutoka mbali. Hoja ya wenye mali ilikuwa kwamba watu wangezicheza kujiburudisha na soko la matoleo mapya lingeumia. Nawaelewa kwa zile wanazoziuza. Kwa zile walizozifungia kabatini, soko lipi hilo linaloumia?

Ningekuwa mimi ndiye mpangaji, bei ningewaachia wao, hata dola 100 wakitaka, kwa sharti mbili: wasiiondoe ya zamani kwa sababu ya mpya, na wafungue duka letu kwa bei ya shilingi. Ami anataka na la tatu, diski. Hewa ya chumvi inamla lenzi kila baada ya miezi, lakini fundi yupo, na diski haimuulizi anakaa nchi gani.

Nilimuuliza ni bei gani ingemfanya azinunue zile tatu kihalali. Akafikiri, akasema elfu moja mia tano. Hizo ni mechi 75. Siku za Maulidi, mji ukijaa wageni, anazipata usiku mmoja.