Matundu ya ukuta yameniletea nyoka

Jamani mvua ya juzi imeondoka na banda la kuku na kipande cha uwanja, na mimi mtu mzima, mjumbe wa kamati ya mtaa, siwezi kukaa barazani naangalia kiwanja kinahamia Bahari ya Hindi. Nikaita fundi anijengee ukuta kando ya mto.

Kaja saa tano, kavaa shati la harusi. Kafumba jicho moja, kautazama mto, kasema, "Bosi, hapa tofali za inchi 6 tu, umemaliza." Hata kamba hajashika. Nikamwambia kwa upole, fundi, hapa nataka mawe, msingi ushuke chini kuliko mto unapokwangua, nyuma tujaze kokoto, na ukutani uache matundu ya vipande vya bomba. Akanishangaa. "Yaani unajenga ukuta wa kuzuia maji halafu unautoboa?" Nikasema hatuzuii maji, tunazuia udongo, ukilowa unakuwa mzito na maji yakikosa pa kutokea yanasukuma ukuta mpaka unalala. "Ukuta wangu wa mtoni haujawahi kulala bosi." Umejenga mingapi? "Huu ndio wa kwanza."

Akamwita muuza mihogo aamue. Muuza mihogo naye, matundu ya nini mzee, nyoka wataingia. Basi mada ikawa nyoka, mara shemeji yake aliumwa Kisarawe, mara dawa ni mafuta ya taa, saidia fundi kaweka chepe chini anasikiliza, na siku hiyo nzima nitamlipa mimi. Nikasema TOBOA, ukuta wangu, hela yangu, na nyoka wangu! Fundi akatulia, akasema sawa, ila matundu yanaongeza hela ya ufundi. Yaani pale asipojenga ndio pananigharimu zaidi!!

Lori la mawe kutoka Kunduchi limekuja, tripu nusu mawe nusu hewa. Jirani wa ng'ambo kapanga matairi na viroba, mto wote anausukumia kwangu. Watu wa mtaa wananikumbusha Sheria ya Mazingira ya 2004, usijenge ndani ya mita 60 kutoka mtoni, sawa, lakini wakati nanunua mto ulikuwa kule bondeni, wachimba mchanga wameutanua mpaka umenifuata jikoni. Wauambie na mto wenyewe sheria.

Na hapo bombani maji hamna. Mafundi sasa wanataka chai, nimetuma mtoto chapati, zimekuja nyembamba unamuona aliyekaa mbele yako, mama muuza chapati anasema unga umepanda, umepandaje wakati kwenye chapati haumo?